Jiwe Lenye Kuogopa Kishindo

Kirolirwe, mwezi wa pili

Kaka yangu Muhire,

Nakusalimu wewe, nasalimu na shemeji yangu Epiphanie, pamoja na watoto ambao najua sasa wananipita urefu. Natumaini barua hii inawakuta mkiwa wazima, na kwamba cherehani yako haijakaa bila kazi, maana tunasikia huko Bukavu wazazi wanashonesha sare za watoto hata katikati ya mwaka. Kama mko na afya, nasi tunashukuru kwa ajili yenu.

Huku kwetu mvua haijatuacha. Majani ya malisho ni mengi, maziwa yapo, na maharage ya kando ya nyumba yametoa maua. Binti yangu Christa ameng'oka meno ya mbele na anacheka akiwa amefunika mdomo. Na Mama ni mzima. Neno hilo nimeliandika polepole, ninaomba ulisome polepole: Mama ni mzima. Hajalala kitanda. Jana asubuhi alibeba mwenyewe kuni kutoka kwenye mikaratusi, na nilipotaka kumpokea alinikatalia.

Najua umeandikiwa mambo mengine.

Karatasi hii inanuka fromaji, jibini yetu ya huku, unisamehe. Mama Mukasine, yule mjane anayepeleka fromaji zetu Goma, ameifunga ndani ya kitambaa cha fromaji kubwa. Hajui kilichoandikwa. Anajua tu kwamba haipaswi kupita mikononi mwa mwingine mpaka ifike kwa binamu yake anayesafiri kwa boti. Sikukupigia simu kwa sababu simu yangu inakaa mfukoni mwa bwana wangu. Utaelewa ukisoma mpaka mwisho. Nakuomba uketi, na usome ukiwa peke yako.

Nitaanza mbali kidogo, kwa sababu mambo ya kilima chetu umeyasikia vipande vipande, na vipande vingine havikuwa vya kweli.

Mwaka jana, mvua za Pasaka zilipokuwa zinapiga, ubavu wa kilima cha Papa, marehemu baba yetu, uliporomoka, pale juu ya kijito ambapo wewe na Evode mlikuwa mnanywesha ndama. Ndama mmoja alishuka na udongo. Mdogo wetu Evode alimfuata kumtoa, na alipokuwa anafukua kwa mikono akakuta mwamba mweupe uliopasuka, na ndani ya mwamba vijiti vya kijani. Ndama alikuwa amekwisha kufa. Evode alirudi nyumbani na ngozi ya ndama begani na vijiti vile katika kofia.

Kaka, sitadanganya, vilikuwa vizuri. Kila kijiti kilikuwa na mistari imepangwa kwa urefu kama mistari ya bua la mtama, na ukikitazama kichwani kilikuwa na pembe tatu zenye mashavu ya mviringo. Ukikiinua kwa ubavu mbele ya jua kilikuwa kijani kama majani mapya ya maharage. Ukikigeuza na kukitazama kwa urefu wake, kilikuwa giza, karibu cheusi, kana kwamba si kijiti kilekile. Na kimoja kilichokuwa kimevunjika kilikuwa na moyo mwekundu, umezungukwa na ngozi ya kijani, kama zile pasteki, matikiti maji, mnazokata sokoni. Evode alikaa mlangoni akikigeuza huku na huku mpaka maziwa yake yakapoa. Unamjua, alikuwa mtu wa kupenda kitu kwa kukitazama tu.

Mama alikiweka kimoja karibu na mafiga, si kwa nia yoyote, alitaka tu kikauke. Kilipata moto. Alipokitoa na kukilaza pembeni kikaanza kupoa, na majivu mepesi yakaruka yenyewe yakashika kwenye ncha zake. Mama aliyapangusa. Yakaruka tena. Alimtazama Evode, akasema: "Hii kitu iko navuta. Mutoto wangu, urudishe pale uliitoa." Evode alicheka kidogo na kusema kwamba ni jiwe tu.

Evode ndiye aliyemleta Papa Élie. Ni mnunuzi wa mawe anayekaa upande wa Mweso, mzee mpole, amevaa miwani iliyofungwa na uzi. Alikaa kwetu mchana mzima akinywa maziwa na kutufundisha. Alituambia kwamba jina lake ni turmalini, na kwamba hakuna jiwe lingine lenye rangi nyingi hivyo: liko jeusi, liko la bluu, liko la waridi, na mara nyingine jiwe moja linabeba rangi mbili ao tatu. Alichora kwa kijiti chetu juu ya chupa ya bia na chupa ikapata alama, lakini kijiti hakikupata hata mkwaruzo. Alisema hiyo ndiyo njia ya kumkamata mwenye kuuza vipande vya chupa kwa jina la turmalini. Kuhusu majivu, alimwambia Mama asiogope. Ni tabia ya jiwe hilo: likipata moto kisha likipoa, ncha zake zinavuta vitu vyepesi, na zamani huko ng'ambo wavuta tumbaku walikuwa wanalitumia kuvutia majivu kutoka kwenye kiko. Siku hizi, alisema, yaliyo safi yanakatwa kwa ajili ya pete na mikufu, na mengine wanayatia ndani ya vyombo vya kupimia nguvu ya mgandamizo, kwa kuwa jiwe hilo likibanwa linatoa umeme kidogo.

Halafu akasema jambo moja ambalo nimelibeba tangu siku ile. Alisema: "Mukisikia linakwaruza chupa, musizani liko na nguvu. Hii jiwe inaogopa kishindo. Ndani yake kuko nyufa zenye hamuone. Ukiipiga na nyundo karibu, inapasuka yote, na iliyopasuka haina muntu wa kuinunua." Alituonyesha namna ya kulitoa: kwa kijiti cha mti, kwa kidole, kwa uvumilivu, kama mtu anayetoa mwiba katika mguu wa mtoto.

Bwana wangu Twizeyimana alikuwa amesimama nyuma ya Papa Élie. Nilimwona akirudia maneno yale kwa midomo, bila sauti.

Unamkumbuka Twizeyimana jinsi alivyokuwa ulipokuja kwenye arusi yetu. Alikuwa mtu wa pikipiki na madumu ya maziwa, anapanda na kushuka kwenda Mweso, mtu wa kuchekesha watu. Sisemi hakuwa mwema. Naandika tu kwamba mtu yule sijui alikwenda lini. Evode alitaka kukungojea, kwa sababu Papa yetu Bayingana alikuandikisha wewe kilima, na alisema kilima cha kaka yake hakichimbwi bila kaka yake. Twizeyimana alijibu kwamba mvua haingoji ruhusa, na kwamba tusipochimba sisi watakuja kuchimba wengine. Katika hilo alisema kweli. Habari ya jiwe ilikuwa imekwisha kutembea. Watu wenye bunduki walifika wakamkuta anawangojea na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa. Sitaandika ni watu gani. Ukiwa huku hutaji, na nisipotaja nawe hutakosa kuelewa. Walikubaliana, wao na yeye. Tangu siku ile, chini ya kilima kuna kamba imefungwa kuvuka njia, na hata mwanamke mwenye kwenda kuteka maji anaulizwa anakokwenda.

Wachimbaji walikuja, wengi wao kutoka Walikale, watu waliokwisha kuzoea kuishi chini ya udongo. Kabla ya kuwaingiza shimoni, Twizeyimana aliwakusanya mbele ya moto, akalipasha jiwe, akalitoa, akawaonyesha majivu yakiruka. Papa Élie alikuwa amekwisha kutueleza sababu, lakini yeye aliwaambia wale watu kwamba kilima hiki kinaita chenyewe, na kwamba anayeitwa hawezi kuumia. Wengine waliomba kugusa jiwe kwanza. Mimi nilikuwa nimebeba ugali wao kichwani, nikasimama nikisikiliza, nikaona haya kwa ajili yake.

Walichimba chini ya malisho kama panya. Udongo wa juu ulianza kupasuka. Ng'ombe mmoja alitumbukia mguu ukavunjika, tukamchinja hapohapo. Evode alihamisha zizi, akawa anawapitisha ng'ombe upande wa pili, na kila asubuhi anatembea juu ya malisho akitazama nyufa, anaweka matawi pale ng'ombe wasipite. Aliacha kuzungumza na Twizeyimana mezani. Papa Élie naye aliacha kuja. Nilikutana naye Mweso, akaniambia kwamba hawezi tena kununua mawe ya mahali ambapo mtu anasimama na bunduki nyuma ya mwenye kuuza. Aliniuliza kama tuna ndugu wa kutupokea mbali. Nilidhani ni uzee unamwogopesha.

Halafu ikafika siku moja, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, ambapo ng'ombe walirudi nyumbani peke yao.

Ilikuwa saa ya kukamua. Walikuja wamelowa, wakasimama mbele ya zizi, na hakuna mtu nyuma yao. Twizeyimana alifika baadaye na udongo mpaka mabegani. Alituambia, mimi na Mama, kwamba Evode amekwenda Kibua, kule Walikale. Alisema kuna kundi la wachimbaji waliosikia habari ya mawe ya bluu, na Evode amepanda pikipiki pamoja nao kwenda kutazama, kwa haraka, kwa sababu nafasi ilikuwa moja. Nilishangaa kwamba hakuaga. Alinijibu kwamba kijana akiona nafasi haagi. Mama alichukua kibuyu akaenda kukamua.

Tuliishi hivyo. Mara kwa mara Twizeyimana alituletea salamu: Evode amefika, Evode ana homa kidogo, Evode amepona, Evode anasema huko rezo ya simu inapatikana juu ya mti tu, ndiyo maana anaandika mesaji na hapigi. Niliamini, kaka. Nilikuwa hata namkasirikia. Sikukuu ya Noeli ikapita, nikaweka nguo yake mpya katika sanduku nikisema akirudi ataikuta.

Katika siku hizo Twizeyimana alinipa zawadi. Ni kipande kimoja cha turmalini, kirefu kama kidole cha Christa, kijani nje na chekundu ndani, kimezungushiwa waya wa shaba na kuwekwa kwenye uzi. Alinivika mwenyewe. Alisema hakuna mke mwingine Masisi mwenye kuvaa kitu kama hicho. Nililivaa kanisani, wanawake wakaligusa na kulisifu, nami nikafurahi, kwa sababu nilikuwa na muda mrefu sijafurahishwa na kitu chochote kutoka mkononi mwake.

Na siku nyingine, tulipokuwa tunakula, aliniuliza kama kwa mchezo: "Evode alikuwa anaita Muhire na jina gani la mchezo?" Nilimwambia kwamba alikuwa anakuita Rusengo, jina la yule dume la ng'ombe la Papa, kwa sababu wewe na yeye mlikuwa mnapigana kwa vichwa. Alicheka sana. Nilicheka pia. Ni nilipokuwa naosha vyombo ndipo neno lile "alikuwa" lilinirudia, kana kwamba Evode hayupo tena, nikasimama na sahani mkononi. Lakini nililifukuza. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa neno moja.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimekuandikia.

Juma lililopita nilikuwa katika shamba la viazi, mchana, napalilia. Mchimbaji mmoja anayeitwa Plamedi alipita na mfuko wake mgongoni. Ni mtu mzima, baba wa watoto, wa upande wa Walikale, huwa hasemi na wanawake wa nyumbani kwetu zaidi ya salamu. Alisimama kwenye ukingo wa shamba akaniambia kwamba anarudi kwao na hatarudi tena. Nilimtakia safari njema, nikamwambia kwamba akipita Kibua amsalimie ndugu yangu. Alitua mfuko chini. Alitazama kule kwenye kamba, akaona hakuna anayetutazama, akaniambia: "Mama Christa, Evode hayiko Kibua. Mi natoka kule mwezi jana, hakuna muntu alimuona. Evode iko hapa."

Nilidhani anataka kusema Evode amejificha. Nilimuuliza wapi. Akaonyesha kilima kwa kidevu.

Nitakuandikia kama alivyonieleza, kwa kuwa una haki ya kujua, na kwa kuwa nikipunguza utakuja kutafuta kilichobaki.

Siku ile ilikuwa mvua tangu asubuhi. Evode alikuwa juu na ng'ombe, akaona ufa uliokuwa mwembamba umefunguka kwa upana wa mkono, na maji yanaingia ndani yake. Aliacha ng'ombe, akashuka mbio, akavua koti lake mlangoni mwa shimo na kuingia ndani kuwatoa watu. Alimkuta kila mmoja mahali pake, akawasukuma watoke. Plamedi alikuwa wa mwisho kutoka. Evode alikuwa nyuma yake. Udongo ulishuka kati yao.

Hakufa, kaka. Walimsikia. Alikuwa upande wa pili, anagonga na jiwe, na sauti yake ilipita katika nyufa. Alisema yuko mzima, mguu wake tu umebanwa. Njia ya kumfikia kwa haraka ilikuwa moja, kuvunja ule ukuta wa mwamba mweupe uliokuwa umesimama ubavuni. Plamedi alichukua baramini kubwa ya chuma akaanza kupiga. Katika pigo la kwanza ukuta ulifunguka tundu, na ndani ya tundu, kwa mwanga wa taa, walikuta kile kitu wachimbaji wanaita nyumba: pango dogo katika mwamba, na turmalini zimesimama ndani yake kila upande kama miiba ya nungunungu. Plamedi alisema hajawahi kuona nyumba kama ile tangu azaliwe.

Twizeyimana, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alishika baramini ili Plamedi asipige tena. Alisema: "Acheni kwanza. Musipige. Hii jiwe inaogopa kishindo, itapasuka yote. Tutoeni mawe kwanza, pole pole, kisha tutamutoa muntu."

Plamedi alimwambia kwamba mtu hana hewa. Wale wenye bunduki wawili walikuwa wameingia kutazama, na mmoja aliweka mkono begani mwa Plamedi. Basi wakatoa mawe. Kwa vijiti vya mti, kwa vidole, moja moja, wakiyafunga katika majani makavu, kama Papa Élie alivyotufundisha nyumbani kwetu huku anakunywa maziwa yetu. Na muda wote huo Evode alikuwa anasikia. Mwanzoni aliuliza kwa nini wameacha kupiga. Shemeji yake alimjibu kwamba wanakuja. Alimwambia hivyo mara nyingi, kwa sauti nzuri: tunakuja, muramu, shemeji, vumilia, tunakuja. Baadaye Evode hakuuliza tena, alikuwa anagonga tu. Nyumba ilipokuwa tupu, kugonga kulikuwa kumekoma. Plamedi alitaka kuvunja hata hivyo. Twizeyimana alisema hakuna faida ya kuhatarisha wengine kwa ajili ya aliyekwisha kufa. Akaamuru shimo lijazwe. Kila aliyekuwepo alipewa sehemu yake, na aliambiwa kitakachompata akifungua mdomo. Koti lilikuwa bado mlangoni, na simu ya Evode ilikuwa katika mfuko wa koti.

Plamedi alilia mbele yangu, mtu mzima yule. Alisema yeye yuko hai kwa sababu ya Evode, na bado alishika majani akafunga mawe. Kisha alitazama shingo yangu, akainamisha macho, akachukua mfuko wake akaenda. Nilijishika shingoni. Ndipo nilipojua kile nilichovaa kilitoka wapi.

Kwa hiyo, kaka, mesaji unazopokea kutoka namba ya Evode, Evode haziandiki. Ile yenye kukuita Rusengo haikutoka kwa Evode, na jina hilo Twizeyimana alipewa na mimi nikiwa nacheka. Ile yenye kusema Mama amelala kitanda na anataka kukuona kabla ya kufa, si ya Evode. Juzi mchana nilimwona Twizeyimana ameketi juani nyuma ya nyumba na simu mbili juu ya magoti. Alikuwa anaandika na ile ya Evode, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Aliponiona aliigeuza, akaniambia Evode anatusalimia.

Anachotaka ni sahihi ya mkono wako. Wanunuzi wa sasa, wakubwa, hawataki kuingia mpaka kilima kiandikwe kwa jina lake, na karatasi ya Papa ina jina lako. Amekwisha kupanga utakapofika Mweso nani atakupokea na pikipiki. Nimemsikia akisema na wale wenye bunduki. Walisema utapitishwa njia ya kilimani kwenda kuweka sahihi hapohapo kwenye shimo. Hakuna aliyetaja njia ya kurudi.

Usije. Hata ukipigiwa ukasikia kilio changu, usije.

Nilimwambia Mama jana, katika chumba cha maziwa. Nilikuwa nimetafuta maneno usiku kucha, nikafikiri nitamwua. Alinisikiliza huku anatikisa kibuyu cha siagi, na mkono wake haukusimama. Nilipomaliza akaniambia kwamba alijua tangu ng'ombe waliporudi peke yao, kwa kuwa mtoto wake hakuwahi kuacha ng'ombe bila kumkabidhi mtu fimbo. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema: "Wewe ulikuwa unalala na yeye. Ningekuambia, ungemuangalia na macho ingine, na yeye angeona." Alikuwa ananilinda mimi, mama yetu, kwa miezi yote hiyo, akimpakulia yule mtu chakula na kumuitika.

Hatujalia. Katika nyumba hii hakuna mahali pa kulilia.

Tumeamua hivi. Siku ya soko tutakwenda Mweso, mimi, Mama na Christa. Nitasema nampeleka Mama kupimwa, kwa kuwa Twizeyimana mwenyewe ametangaza kwamba Mama anaumwa, hawezi kutukatalia mbele za watu. Kutoka Mweso Papa Élie atatupatia gari la mtu anayemwamini. Nilimtumia neno kupitia Mama Mukasine, naye akajibu kwamba yuko tayari. Hatutabeba kitu. Ng'ombe tutawaacha. Papa angelia kusikia hivyo, lakini ng'ombe hawajui kusema nani aliwaacha.

Jiwe bado niko nalo shingoni. Ngozi yangu inalikataa, na kila linapopata joto la mwili wangu ninaona linanigusa kama kidole cha mtu. Nimetaka kulitupa chooni. Lakini yeye huwa analitazama kila asubuhi kabla ya kutoka, analiweka sawa juu ya nguo yangu, na siku atakapolikosa atajua kwamba najua. Kwa hiyo nitalivaa mpaka Mweso. Huko nitamwachia mtu yeyote atakayelitaka, ao nitaliacha njiani.

Tukifika Goma, Mama Mukasine atakupigia kwa simu yake, hatataja jina, atakuuliza tu kama bado unashona suruali za watoto. Ujue ni sisi. Kama siku ya soko ikapita, na nyingine ikapita, na hakuna aliyekuuliza, mtafutie Evode misa, na tusomewe sisi pia. Usifanye zaidi ya hapo. Una watoto.

Msalimie Epiphanie na umbusu kila mtoto kwa jina lake. Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri ushike afya, na anasema usimchukie Mungu kwa ajili ya mtu. Christa anasalimu binamu zake, hajui kitu, anauliza tu kama huko kwenu ziwa lina ng'ombe. Barua hii ukiisha kuisoma uichome.

Na nakuomba jambo la mwisho, gumu kuliko yote. Mesaji itakuja tena, labda leo jioni. Usinyamaze, na usimlilie, asije akashtuka kabla hatujatoka. Mjibu kama ulivyozoea kumjibu Evode. Mwambie Rusengo anakuja baada ya Pasaka, anamalizia kazi ya watu. Mtanie kidogo. Muulize habari za ng'ombe. Mimi nitakuwa nimeketi karibu naye, nachambua maharage, namtazama akisoma.

Ni mimi dada yako anayekupenda,

Tumukunde